Shemeji ananiuzia karavani, mke wangu anataka tela la hema: pikapu yetu ichukue lipi?

Assalaam aleikum ndugu mshauri,

Mimi ni msomaji wako wa hapa Tanga mjini, Chumbageni. Nina mke na watoto watatu: wa kwanza ana miaka 13, wa pili 9, na kitinda mimba wetu 4. Mama yangu mzazi naye tunaishi naye, mtu mzima sasa, magoti yanamsumbua lakini safari bado anazipenda.

Mwaka huu tumekubaliana kwamba likizo za watoto tuzitumie kuujua mkoa wetu wenyewe. Tunataka kwenda Lushoto, Amani, Pangani, na tukijaliwa tuteremke mpaka Saadani. Vyumba vya wageni kwa familia kama yetu vinamaliza fedha siku mbili tu, ndipo likaja wazo la kununua chombo cha kulalia tukikokote wenyewe.

Gari tunalo. Ni pikapu ya Kijapani ya dizeli, milango minne, inavuta kwa magurudumu yote. Nimeifunga kanopi nyuma na bampa la chuma mbele. Kitabu chake kinasema hivi: ikiwa tupu ina kilo 2,050, ikipakiwa mwisho wake ni 2,900, tela lenye breki mwisho kilo 2,800, lisilo na breki 750, na gari pamoja na tela visizidi kilo 5,200.

Mbele yangu kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni karavani ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyeko Dar es Salaam. Ilitoka Ujerumani, ina ekseli moja, vitanda sita, jiko, friji na choo. Kibati chake kimeandikwa kilo 1,280 tupu na 1,500 ikiwa imejaa. Ananiachia kwa bei ya ndugu, nilipe kidogo kidogo. Anasema gari linalovuta karibu tani tatu, tani moja na nusu hata halitaisikia.

Cha pili ni tela la hema la kukunjua, limetengenezwa Afrika Kusini, limetumika, lipo Arusha. Tupu kilo 690, mwisho 1,150, lina breki. Mke wangu amelipenda hilo. Cha tatu ni fundi wa kuchomelea hapa mjini, anayesema atanitengenezea tela kwa ekseli ya gari kuukuu, juu yake tufunge hema la kupanda kwa ngazi. Bei yake ndiyo ya chini kuliko zote.

Taabu yangu ni kwamba mke wangu haitaki karavani ya kaka yake, ila hathubutu kumwambia. Nami nikiikataa naona nitaonekana nimedharau ukarimu wake. Watoto wameshaona picha za vile vitanda, kila jioni ni maswali. Safari ya kwanza nimepanga iwe Lushoto, mwezi wa sita shule zikifungwa. Picha nimeambatanisha. Naomba uniambie wazi, hata kama jibu litaniudhi.

Baba Watatu, Chumbageni, Tanga

*

Waaleikum salaam, Baba Watatu.

Umeomba uwazi, basi pokea: chukua tela la hema la Arusha, baada ya kulikagua kwa mikono yako. Karavani ya shemeji ikatae kwa heshima. Fundi wako usimtupe, ana kazi ya kukufanyia, lakini si hiyo aliyoiomba.

Kabla ya uzito na barabara kuna jambo moja kwenye barua yako nimelihesabu mara mbili. Wewe, mke wako, watoto watatu na mama: mko sita. Pikapu ya milango minne ina viti vitano. Huyo wa sita anakaa wapi? Najua wengi wangesema mkubwa atajibana nyuma kwenye kanopi, au tela si lina godoro, mmoja alale humo mpaka Mombo. Usikubali hata kwa kilomita moja. Tela halina mkanda wala kiti, na ndilo la kwanza kupinduka dereva akikosea kona. Karavani ina vitanda sita, na vitanda hivyo vinawatamanisha watu kusahau kwamba vikiwa barabarani si vya mtu. Tanga na Lushoto zina mabasi kila siku. Mama na mjukuu mmoja wapande basi asubuhi, mkutane juu. Kwa Pangani ni karibu, waweza hata kurudia njia mara mbili. Na yule wa miaka 4 anahitaji kiti chake cha mtoto, ambacho nacho kinakula nafasi ya kiti cha nyuma. Pimeni hilo leo hii, gari likiwa limesimama uwanjani.

Sasa tuje kwenye maneno ya shemeji. Hajakudanganya, amesoma namba moja na kuziacha nyingine. Ile 2,800 ni uwezo wa kuvuta, lakini angalia namba ya mwisho uliyoniandikia: gari na tela pamoja visizidi 5,200. Pikapu yako ikiwa imejaa, yaani 2,900, kinachobaki kwa tela ni 2,300. Zile tani karibu tatu unazipata gari likiwa karibu tupu, dereva peke yake, na wewe husafiri hivyo.

Hata hivyo kwa hesabu hiyo karavani ya kilo 1,500 inapita. Mahali inapobana ni ndani ya pikapu yenyewe. Toa 2,050 kwenye 2,900, unabaki na kilo 850, na humo ndimo kila kitu kinamoingia. Watu watano wa kwenu, viti vikiwa vimejaa, tuwakadirie kilo 300. Kanopi, bampa la chuma na chuma cha kukokotea, tuseme 170. Vitu hivi watu huvifunga wakasahau kwamba vimeshakula mzigo kabla hujapakia chochote. Imebaki 380. Maji lita 60 ni kilo 60, weka dumu mbili za dizeli, vyakula, zana, tairi la akiba la pili, nguo: 150 zimekwenda kirahisi. Imebaki 230.

Halafu kuna uzito ambao shemeji hakuutaja kabisa, nao ni ule ambao kichwa cha tela kinaukandamiza kwenye mpira wa chuma nyuma ya gari. Tela lililopakiwa vizuri huweka hapo karibu asilimia 10 ya uzito wake. Ukipunguza sana, tela linaanza kuchezesha mkia barabarani. Kwa karavani ya kilo 1,500 ni kilo 150, na zote zinahesabiwa kama mzigo wa pikapu. Unabaki na kilo 80 tu za kujisitiri, tena kwa makadirio ya huruma.

Na si hilo tu. Ule mpira uko nyuma ya ekseli kwa zaidi ya mita moja, kwa hiyo unafanya kazi ya mtaimbo: unakandamiza nyuma na kuinua mbele. Kwa pikapu ya umbo la yako, kilo 150 juu ya mpira huongeza kama kilo 200 kwenye ekseli ya nyuma, na kuondoa kama 50 kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki. Ndiyo maana unaona pikapu imekaa kitako, taa zinaangalia juu, usukani umekuwa mwepesi. Watu hukimbilia kuongeza springi ngumu. Springi zitainua kitako, lakini kile kibati cha kilo 2,900 hazikibadilishi, wala breki hazibadiliki, wala ekseli.

Karavani yenyewe nayo ina hesabu yake. Kutoka 1,280 hadi 1,500 ni kilo 220. Tangi la maji la lita 40, mtungi wa gesi wa kilo 15 pamoja na chuma chake karibu kilo 30, betri, turubai la kivuli na nguzo zake, tayari umevuka 100. Mnabaki na kama kilo 100 kwa shuka, sufuria, viti, meza na chakula cha watu sita. Familia zote hupita hapo, na karavani nyingi zenye ekseli moja huishi maisha yao zikiwa zimezidi uzito bila mwenyewe kujua.

Lakini tuseme wewe ni mtu wa nidhamu na utapakia kwa mzani. Bado ningekuzuia, kwa sababu ya njia ulizonitajia.

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi, na ndani ya hizo unapanda karibu mita 1,000. Ni lami, ndiyo, lakini nyembamba, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo, kona juu ya kona mpaka Soni na kuendelea. Humo mnakutana na mabasi na malori ya mboga, na madereva wake wanaijua kila kona kwa moyo. Karavani ina upana wa mita 2.2 au zaidi, pikapu yako haifiki 1.9. Maana yake gurudumu la karavani halipiti ulipopita wewe; kwenye kona linakata ndani zaidi, na ndani ndiko ukuta au mtaro uliko. Ukikwama pale uso kwa uso na basi, mwenye kurudi nyuma ni wewe, na kurudi nyuma na karavani kwenye kona ya Soni sikuombei.

Kupanda si tatizo kubwa, dizeli itavuta, utaangalia tu joto la injini. Tatizo ni kushuka. Karavani za Ulaya na matela mengi madogo hutumia breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, kichwa chake kinabonyea na kuvuta waya wa breki. Kwenye tambarare ni mpango mzuri. Kwenye mteremko wa kilomita 33, hata ukizuia kwa gia kama dereva mzuri, tela linasukuma muda wote na breki zake zinabana muda wote. Zinachemka, zinapoteza nguvu, halafu kilo 1,500 zinakusukuma ukiwa kwenye kona. Tela la hema lina breki za namna hiyohiyo, lakini ukilipakia kwa akili likawa na kilo 950 au 1,000, kinachosukuma ni pungufu kwa theluthi nzima, na hakina ukuta wa kukamata upepo. Breki zako za pikapu zinaweza kulibeba.

Amani ni mlima mwingine. Ukishatoka Muheza na kuanza kupanda msituni ni kifusi, mawe, na matawi yaliyoinamia njia. Saadani kwa upande wa Pangani una vumbi, na masika udongo wake unageuka gundi. Kama unavuka mto Pangani kwa pantoni, angalia ule mlango wake wa kupandia: chombo kirefu chenye tumbo la chini kinakwaruza mkia pale. Na hata kwenye lami, tangu Tanga mpaka Korogwe kuna matuta na rasta kila kijiji. Hili watu hulipuuza. Karavani za zamani za Ulaya zimejengwa kwa mifupa ya mbao nyembamba na kuta zilizobandikwa. Zilikusudiwa barabara laini. Zikitikiswa mfululizo, maungio yanaachia kidogo kidogo, mvua inapenya bila kuonekana, mbao zinaoza kwa ndani. Kwa unyevu wetu wa pwani na chumvi ya bahari, uozo hausubiri miaka mingi. Ukienda kuiona hata kwa adabu tu, bonyeza kuta za pembeni mwa madirisha na pembe za sakafu kwa kidole gumba. Zikilegea, maji yameshaingia.

Na kwenye picha zako nimeona kitu kingine. Mlango wa karavani uko kulia, kama kawaida ya Ujerumani, kwa sababu wao huendesha kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Ukiegesha pembeni Segera ili mtoto apate haja ndogo, mlango unafungukia barabarani, malori yanakopita. Mwenye watoto wadogo, hilo peke yake lingenitosha kukataa.

Matairi yake pia ni madogo, ya inchi 14, hayaingiliani na ya pikapu. Likipasuka moja porini, akiba yako ya pikapu haikusaidii.

Sasa la Arusha. Nimelipenda kwa kusoma tu, lakini kusoma hakutoshi, na muuzaji wa kitu kilichotumika hukuonyesha upande wake mzuri. Nenda na mke wako, kwa sababu ninyi wawili ndio mtakaolifungua usiku wa mvua. Mwambieni muuzaji asiguse. Lifungueni wenyewe mpaka mwisho, kila zipu, kila nguzo, halafu mlikunje tena. Kama mkikunja mnagombana, mtagombana kila safari. Hema lililokunjwa likiwa bichi lina harufu ya ukungu na madoa meusi kwenye mikunjo. Turubai la pamba lenye ukungu mwingi halisafishiki.

Ingia chini yake na tochi. Fremu iliyochovywa zinki ndiyo ya kuishi Tanga; iliyopakwa rangi tu imeishi salama Arusha kukavu, kwetu itaanza kutoa kutu kwenye maungio ya kuchomelea. Inua kila gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini ulitikise: likicheza, beringi zimechoka. Lizungushe usikilize. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho kwenye alama za DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la tela huzeeka limesimama, meno yanabaki marefu na mpira umekufa, kwa hiyo usidanganywe na meno. Kama rimu zake ni za nati sita na matundu yanalingana na ya pikapu yako, hiyo ni bahati kubwa, kwani akiba moja itahudumia vyombo vyote viwili.

Kichwa cha tela kiwe cha mpira wa milimita 50, ambao ndio unaotumika Afrika Kusini na Ulaya, na mpira uliofungwa kwenye pikapu uwe huohuo. Wapo wanaouza mipira ya Kimarekani ya inchi 2, ambayo ni kubwa kwa chini ya milimita moja, na kwa sababu inakaribia kulingana watu huilazimisha. Usilazimishe. Minyororo ya usalama au waya wa kukaza breki tela likichomoka viwepo na vifanye kazi. Taa zote ziwake, pamoja na za kuashiria kona.

Karatasi zisomwe kabla ya fedha kutoka. Tela husajiliwa TRA na kupewa namba yake lenyewe, tofauti na ya gari. Namba iliyogongwa kwenye fremu ilingane na ya kadi. Muulize wakala wako wa bima kwa maandishi kama bima ya pikapu inaligusa tela likiwa limefungwa, na pita ofisi ya leseni uoneshe daraja la leseni yako kabla ya kukokota.

Kuhusu mama. Hema la juu ya tela la fundi lina ngazi, na ngazi kwa magoti yale haifai, hata mtoto wa miaka 4 akitaka kwenda haja usiku gizani haifai. Tela la kukunjua kwa kawaida lina kitanda cha juu kidogo upande mmoja, na chumba cha turubai kinachogusa ardhi upande wa pili. Mama alale chini, kwenye kitanda cha kukunja chenye kimo cha kiti ili asihangaike kuinuka, na wajukuu wawili wakubwa karibu yake. Wewe na mke wako na mdogo mlale juu. Hapo watu sita wanatosha.

Fundi wako nimesema ana kazi. Tela lake halina breki, kwa hiyo kitabu chako kinamruhusu kilo 750 zote kwa pamoja, chuma, hema na mizigo; chuma pekee kitakula nusu yake au zaidi. Na mafundi wengi huweka ekseli katikati kabisa ya tela ili lisimame sawa, wakati kinachotakiwa ni ekseli kurudi nyuma kidogo ili kichwa kiwe na uzito wake. Lakini kuchomelea anajua. Mpe atengeneze sanduku la jiko, kishikio cha madumu, na abadilishe mipira na springi zilizochoka. Atapata riziki na wewe utapata huduma karibu na nyumbani.

Ukishalileta nyumbani, lipakie lote kama mnasafiri, vitu vizito vikae chini na juu ya ekseli, kisha upime kichwa chake. Mzani wa kupimia watu unatosha. Tafuta ubao imara, weka ncha moja juu ya tofali na nyingine juu ya mzani, vilingane kimo, ubao ulale sawa. Gawa nafasi iliyo kati ya tofali na mzani mara tatu, na kichwa cha tela kikae pale theluthi ya kwanza kutoka kwenye tofali inapoishia. Unachosoma kwenye mzani, zidisha kwa tatu. Kwa tela la kilo 1,000 unatafuta karibu na 100. Ikiwa chini, sogeza vitu mbele. Ikizidi sana, rudisha nyuma. Halafu omba nafasi kwenye mzani wowote wa malori wa ghala au kiwanda, upime pikapu na watu wake wote, na tela.

Barabarani usivuke 80, hata pale unapoona njia ni nyeupe. Tela likianza kuyumba, achia mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa hofu wala usijaribu kulifuata kwa usukani. Kila mnaposimama, pitisha mgongo wa mkono karibu na kitovu cha gurudumu. Likiwa na moto kuliko mwenzake, breki inabana au beringi inakwenda. Kurudi nyuma jifunze kwenye uwanja mpana asubuhi watu hawajajaa: shika usukani kwa chini kabisa, na mkono wako ukienda kushoto mkia wa tela utakwenda kushoto. Mke wako ajifunze pia. Siku ukiugua mkiwa Soni, mtu wa kushusha gari awepo.

Nimebakiza shemeji, na hili naona ndilo linalokunyima usingizi zaidi ya kilo. Usimtume mke wako akaseme, wala usimwambie kwa simu. Nendeni wote wawili mkamtembelee, na mzungumzaji uwe wewe. Mshukuru kwanza, maana bei ya ndugu na kulipa kidogo kidogo ni ukarimu wa kweli. Kisha mwonyeshe karatasi yenye hesabu ya kilo 850 na jinsi zinavyokwisha, mweleze mlango wa kulia na barabara ya Mombo. Usiikosoe karavani yake; sema haifai kwa njia zako, na huo ndio ukweli. Fikiria pia upande wa pili: ukiichukua, kuta zikianza kuvuja huku bado unadaiwa, utakuwa na deni na lawama mezani kila Idi, na mke wako katikati ya kaka na mume.

Unaweza hata kumsaidia auze. Karavani ile inamfaa mtu mwenye kiwanja pwani, Kigombe au Ushongo, anayetaka kuivuta mara moja tu polepole, aiweke juu ya matofali, aifunike paa la makuti na kuifanya chumba cha wageni. Mtu wa namna hiyo hajali kona za Soni. Ukimpelekea shemeji mnunuzi mmoja kama huyo, dharau aliyoweza kuihisi haitakuwa na pa kukaa.

Watoto waambie ukweli mapema, halafu wapeleke walione tela likifunguliwa. Hema linalokua nyumba mbele ya macho yao litavishinda vile vitanda.

Na Lushoto isiwe ya kwanza. Lala usiku mmoja Kigombe au Pangani, karibu na nyumbani, kwenye tambarare. Kitakachosahaulika kitajulikana huko, na kila kinachogonga au kulegea utakirudisha kwa fundi wako wiki hiyohiyo. Kwa Lushoto mwezi wa sita ni baridi ya kweli, mama apate godoro nene na blanketi mbili, turubai halizuii baridi kama ukuta. Tokeni Tanga alfajiri ili muanze kupanda Mombo kabla ya adhuhuri. Hapo Mombo simama, gusa magurudumu, kagua minyororo, subiri injini ipoe. Usipande usiku, na siku ya kurudi mshuke kwa gia ileile mliyopandia, mkiwaachia mabasi yapite kila mnapopata pembe pana. Mama na mjukuu mkubwa watakuwa wametangulia kwa basi. Wapokee stendi kabla hamjaenda kutafuta mahali pa kufungua hema.